Macho, Meno na Msawazo wa Mwili: Kwa Nini Mtu Huyumba na Nini Kifanyike

Katika bonde la Usangu, kutembea ni kazi inayohitaji umakini. Mkulima wa mpunga hupita juu ya ukingo wa jaruba ulio mwembamba na wenye utelezi, maji yakiwa kulia na kushoto, mara nyingi alfajiri kabla mwanga haujatosha, na pengine mzigo ukiwa kichwani. Mzee huvuka mfereji wa umwagiliaji kwa kukanyaga ubao mmoja. Mama hushuka kwenye pikipiki akiwa amembeba mtoto mgongoni. Wengi hufanya hayo yote bila kuyafikiria. Anayeanza kuyumba au kuanguka mara kwa mara huambiwa kwamba ni uzee, ni uchovu, au amerogwa, na shauri huishia hapo.

Kuanguka si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Waathirika wakubwa ni watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mzee aliyevunjika nyonga hukaa kitandani kwa miezi kadhaa, na mtu mwenye nguvu katika kaya hulazimika kuacha shamba ili amhudumie. Msimu mmoja wa mpunga unaweza kupotea kwa hatua moja iliyokosewa.

Sababu nyingi za kuyumba zinatibika, na iliyo rahisi kuigundua ni uoni hafifu. Aidha, ipo hoja inayozidi kusikika kwamba meno yasiyokutana vizuri nayo huharibu msawazo wa mwili. Somo hili linaeleza jinsi mwili unavyojisimamisha, nafasi ya macho na ya meno katika kazi hiyo, na hatua ambazo mkazi anapaswa kuchukua.

Nguzo tatu za msawazo

Mwili wa binadamu haujasimama tuli kama nguzo ya umeme. Hata mtu anayedhani ametulia, mwili wake huyumba kidogo mbele na nyuma, na misuli hurekebisha myumbo huo wakati wote. Ili ijue irekebishe wapi, misuli hutegemea taarifa kutoka sehemu tatu.

Nguzo ya kwanza ni macho, yanayouambia ubongo ardhi ilipo, ukingo unapoishia na kitu kipi kinasogea. Nguzo ya pili ni sikio la ndani. Humo mna mirija midogo mitatu iliyojikunja, yenye majimaji ambayo husogea kichwa kinapogeuka, pamoja na vifuko viwili vinavyotambua kuinama na mwendo wa kwenda mbele au juu. Nguzo ya tatu ni hisia zinazotoka katika nyayo, viungo, misuli na shingo. Hizo humwezesha mtu kujua mguu wake ulipo hata asipoutazama.

Taarifa za nguzo zote tatu hukutana katika shina la ubongo na katika ile sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni. Zikikubaliana, mtu hutembea bila shida. Zikipingana, kizunguzungu huanza. Ndiyo maana abiria anayesoma ndani ya basi huweza kuchefukwa: macho yanasema kila kitu kimetulia, ilhali masikio yanasema mwili uko safarini.

Nguzo moja ikidhoofika, mbili zilizobaki huweza kuibeba. Hatari huja zinapodhoofika mbili kwa pamoja. Ugonjwa wa kisukari, kwa mfano, huweza kuharibu macho na pia kufisha ganzi nyayo za miguu. Mgonjwa wa aina hiyo anapotembea usiku hubaki na nguzo moja tu. Kwa hiyo mwenye kisukari ana sababu mbili za kuchunguzwa macho na miguu mapema, hata kama hajawahi kuanguka.

Jaribio la kufanya nyumbani

Katika miaka ya 1840, daktari wa Kijerumani aliyeitwa Moritz Heinrich Romberg alieleza jambo aliloliona kwa wagonjwa ambao mishipa ya fahamu ya miguu yao ilikuwa imeharibika. Walisimama vizuri macho yakiwa wazi, lakini walipoyafumba waliyumba au kuanguka. Macho yao ndiyo yaliyokuwa yakifidia upungufu wa miguu. Jaribio hilo bado hutumika hospitalini hadi leo, na kila kaya inaweza kujifunza kutoka kwake.

Mtu husimama karibu na ukuta, viatu vikiwa vimevuliwa, miguu imeshikana na mikono ikiwa ubavuni. Mtu mwingine mwenye nguvu husimama kando yake, tayari kumshika. Anayepimwa hutulia kwa muda wa nusu dakika macho yakiwa wazi, kisha huyafumba kwa muda kama huo. Karibu kila mtu huyumba zaidi kidogo anapofumba macho, na hilo ni la kawaida. Linaonyesha tu jinsi macho yanavyosaidia. Anayeshindwa kusimama hivyo akiwa ameyafumbua macho, au anayetaka kuanguka mara anapoyafumba, anapaswa kumwona mganga. Mzee dhaifu asijaribu jambo hili akiwa peke yake.

Jinsi uoni hafifu unavyomwangusha mtu

Mtu anayetembea hatazami mguu anaoukanyagia. Hutazama hatua kadhaa mbele, na ubongo hukumbuka alichokiona. Sehemu ya chini ya upeo wa macho humpa habari za mashimo, mawe na kingo. Uoni unapopungua, kumbukumbu hiyo huwa na makosa, na mguu hutua mahali ambapo ardhi haipo.

Mtoto wa jicho ni ukungu unaojitanda ndani ya lenzi ya jicho, hasa uzeeni. Mwenye tatizo hili hupoteza kwanza uwezo wa kutofautisha rangi zinazokaribiana. Tope la ukingo na maji ya jaruba huwa kitu kimoja machoni pake, hasa alfajiri na jioni. Tiba yake ni upasuaji wa kuondoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia. Dawa za matone haziuondoi ukungu huo. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwahusu wanawake zaidi ya 300 wenye umri wa zaidi ya miaka 70. Wale waliofanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza mapema walianguka kwa kiwango pungufu kwa asilimia 34 kuliko wale waliokuwa bado wakisubiri. Upasuaji wa jicho ulikuwa umelinda mifupa.

Presha ya macho ni hatari ya namna nyingine. Huua polepole mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na huanza kwa kula pembeni mwa upeo wa macho. Mgonjwa husoma vizuri na kuzitambua sura za watu, lakini hujigonga kwenye milango na kukanyaga mashimo. Kilichokwisha kupotea hakirudi, ila matibabu huweza kulinda kilichobaki. Kwa hiyo mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa damu alipofuka kwa ugonjwa huu asisubiri dalili.

Kutoona karibu huwapata wengi kuanzia umri wa miaka 40. Utafiti uliofanywa vijijini katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta zaidi ya watu sita kati ya kila kumi wenye umri huo wakiwa na tatizo hili. Hali hiyo yenyewe haimwangushi mtu, ila miwani ya kusomea inaweza kumwangusha. Miwani hiyo hukuza vitu vilivyo karibu na kuitia ukungu ardhi iliyo mbali kidogo. Anayeivaa wakati wa kuchambua mchele au kusoma ujumbe wa simu aivue kabla ya kusimama na kuondoka.

Hata miwani sahihi inahitaji kuzoewa. Huko Sydney, Australia, utafiti wa mwaka 2007 uliwafuatilia wazee dhaifu waliopimwa macho na kupewa miwani mipya. Wazee hao walianguka zaidi kuliko wenzao. Maelezo yanayotolewa ni kwamba ubongo huchukua muda kujifunza upya umbali wa vitu, na kwamba anayeona vizuri ghafla huongeza safari zake. Funzo la utafiti huo si kuikataa miwani. Mzee aliyepewa miwani mipya atembee nayo kwanza uani, mchana, mahali tambarare, kwa siku kadhaa, kabla ya kurudi kwenye kingo za majaruba.

Meno na taya: ukweli na kilichotiwa chumvi

Meno yana hisia kali kuliko watu wengi wanavyodhani. Kuzunguka mzizi wa kila jino kuna nyuzi laini zinazopima nguvu ya kutafuna. Ndizo zinazomfanya mtu agutuke kwa chembe moja ya mchanga ndani ya wali. Hisia hizo husafiri kwa mshipa wa fahamu wa tano kati ya jozi 12 zinazotoka kichwani, na huingia katika shina la ubongo, jirani na mahali zinapopokelewa taarifa za sikio la ndani. Misuli ya taya nayo hufanya kazi kwa kushirikiana na misuli ya shingo. Anayenyanyua gunia la mpunga huuma meno bila kukusudia. Kuuma huko husaidia kukaza shingo na kiwiliwili.

Kwa sababu hiyo wataalamu wamejiuliza: je, meno yasiyokutana sawasawa huweza kuvuruga msawazo? Meno ya juu yanaweza kutokeza mno mbele, taya la chini linaweza kuwa mbele ya la juu, meno ya mbele yanaweza kuacha mwanya hata mtu anapouma, au taya zima likaelekea upande mmoja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Barcelona, Hispania, na wenzao wa Innsbruck, Austria, walipima myumbo wa watu katika hali mbalimbali. Waliona kwamba namna meno yanavyokutana huhusiana na msawazo, na kwamba uhusiano huo huonekana zaidi mtu anaposimama juu ya kitu kisicho imara au anapokuwa amechoka.

Matokeo hayo yanastahili kuheshimiwa, lakini yasipewe uzito kupita kiasi. Tofauti zinazopimwa katika tafiti za aina hii ni ndogo, na tafiti nyingine hazikuona uhusiano wowote wa maana. Kwa mtu aliyesimama juu ya ardhi ngumu, macho yakiwa wazi, meno yana mchango mdogo sana yakilinganishwa na nguzo tatu zilizotajwa. Hakuna ushahidi wa kutosha wa kumfanya mtu agharamie waya za kunyoosha meno, au asagwe meno yake, kwa lengo la kutibu kizunguzungu. Waya zina faida zake kwa anayezihitaji ili atafune, aseme au asafishe kinywa vizuri. Anayeahidiwa kwamba zitamponya kuanguka anapaswa kuuliza kwanza kama amepimwa macho, masikio, shinikizo la damu na sukari.

Kwa wazee, suala zito zaidi ni meno yaliyokwisha kung'oka. Nchini Japani, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. Waliobakiwa na meno 19 au pungufu bila kuvaa meno ya bandia walikuwa na uwezekano wa kuanguka mara kwa mara unaofikia mara mbili na nusu ya ule wa wenye meno 20 au zaidi. Waliopoteza meno lakini wakavaa ya bandia hawakuonyesha tofauti ya wazi. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba kinywa ndicho kilichowaangusha. Mzee asiye na magego huacha nyama, karanga na mboga ngumu, akabaki na uji. Mwili hudhoofika, na miguu isiyo na misuli huanguka. Kwa njia yoyote ile, mwenye meno ya kutafunia yuko mahali salama zaidi.

Jino moja likitoka na pengo likaachwa, meno ya jirani huinama kulielekea, na lile la upande wa pili hurefuka likitafuta mwenzake. Hivyo watu wazima wengi waliozaliwa na meno yaliyopangika huishia na meno yasiyokutana. Njia ya kuzuia hayo ni kumwona tabibu wa meno wakati tundu bado ni dogo na jino linaweza kuzibwa, badala ya kusubiri hadi dawa pekee iwe kung'oa.

Watoto wasisahauliwe

Watoto huanguka sana, na wazazi hawaoni ajabu. Ipo tofauti, hata hivyo, kati ya mtoto mchezaji na yule anayejikwaa mahali penzake wanapita salama. Jicho moja likiwa na makengeza au likiona hafifu, ubongo huzoea kulipuuza. Mtoto hupoteza uwezo wa kukadiria umbali kwa macho mawili, hukosea ngazi na hushindwa kuudaka mpira. Tatizo hili hutibika vizuri zaidi katika miaka ya kwanza ya utoto. Likiachwa mpaka mtoto awe mkubwa, jicho huweza kubaki dhaifu maisha yote. Makengeza si alama ya bahati wala ya balaa. Ni ugonjwa wenye tiba.

Mzazi anaweza kumziba mtoto jicho moja kwa kiganja, kisha jingine, na kumwuliza anaona nini mbali. Mtoto anayelia au kuusukuma mkono kila linapozibwa jicho lile lile anaonyesha kwamba jicho la pili halioni vizuri. Walimu nao huweza kuwatambua wanaosogelea ubao au kukunja uso wanaposoma.

Kuhusu meno, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwachunguza watoto 1,601 wa umri wa miaka 12 hadi 14 katika wilaya za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam. Takriban 64 kati ya kila 100 walikuwa na angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Nyingi kati ya kasoro za namna hii hazihitaji matibabu, na hazipaswi kumtia mzazi hofu.

Kinachopaswa kumtia hofu ni desturi ya kuwang'oa watoto wachanga yale yanayoitwa meno ya nailoni au meno ya plastiki. Mtoto anapopata homa, kuhara au kutapika, baadhi ya watu huona uvimbe mweupe kwenye fizi na kudai kuwa ndio chanzo. Uvimbe huo ni jino changa la kawaida ambalo bado halijachomoza. Kulichokonoa kwa chombo kichafu huweza kuleta kutokwa damu nyingi, sumu ya damu, pepopunda na hata kifo. Mtoto anayenusurika huweza kukua akiwa na meno ya kudumu yaliyopinda au yasiyoota kabisa. Mtoto mwenye homa na kuhara anahitaji maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kipimo cha malaria na huduma ya zahanati siku hiyo hiyo.

Hatua za kuchukua

Anayeyumba au aliyeanguka zaidi ya mara moja katika mwaka aanzie katika zahanati ya kijiji au kituo cha afya kilicho karibu. Inapohitajika atapewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Mbarali iliyopo Rujewa, na kutoka hapo kwenda ngazi ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Afike na dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji, kwa kuwa baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za usingizi huleta kizunguzungu. Aeleze anaanguka saa ngapi, mahali gani, na kama hutokea anaposimama ghafla, anapogeuza kichwa au gizani. Maelezo hayo humwongoza mganga kujua aanzie nguzo ipi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inawatambua wazee kuwa ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Mzee asiyejiweza, au ndugu zake, wamwone mtendaji wa kijiji au wa kata kuhusu utambuzi na utaratibu wa msamaha wa gharama za matibabu, kabla hajalazimika kwenda hospitali kwa dharura.

Nyumbani, yapo mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Kizingiti cha mlango na ngazi vipakwe chokaa ili vionekane. Njia ya kwenda chooni isiwekwe majembe, kamba wala ndoo, na tochi iwe karibu na kitanda. Viatu vinavyobana kisigino ni salama kuliko kandambili zilizolegea. Mzee aliyelala akae kitandani kidogo kabla ya kusimama. Ubao wa kuvukia mfereji uongezewe mwenzake, na fimbo isionewe haya, kwani humpa mwenye nayo mguu wa tatu. Machoni kusitiwe maji ya majani, mkojo wala dawa yoyote isiyotoka kwa mtaalamu. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi.

Zipo dalili zisizosubiri kesho. Kupoteza msawazo kwa ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, au maneno kukwama, ni dalili za kiharusi. Kutoona kwa ghafla, jicho jekundu lenye maumivu makali, au usingizi usio wa kawaida na kutapika baada ya kuanguka na kugonga kichwa, vyote vinadai mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Mambo ya kukumbuka

Msawazo wa mwili husimama juu ya macho, sikio la ndani, na hisia za miguu na viungo. Meno na taya huchangia kidogo. Yatunzwe kwa ajili ya kutafuna na afya ya mwili mzima, lakini yasibebeshwe lawama ambayo mara nyingi ni ya macho. Anayeyumba apimwe macho mapema pamoja na shinikizo la damu na sukari. Kabla maji hayajafunguliwa mashambani msimu ujao, kila kaya yenye mzee imwulize kama anauona ukingo wa jaruba alfajiri, na kama jibu ni hapana, impeleke akapimwe.